Rangi ya Kucha

Kwanza unapaka rangi ya kucha, ile isiyo na rangi,
tone moja, upana wa punje ya mtama.
Unangoja ikauke. Ndipo unaandika namba
kwa wino mweusi, pumzi umeizuia.
Hayo alinifunza Profesa Chemtai wiki yangu ya kwanza,
na kwa miaka ishirini na sita muuza vipodozi wa Ngara
anaamini mke wangu ana vidole mia.

Maabara yetu iko ghorofa ya chini, nyuma ya jenereta.
Vigae elfu kumi na nne, mia mbili na sita,
kila kimoja nimekisugua kwa mswaki wa mtoto.
Yeye alivichimbua. Mimi nikavinawisha uso.

Alianza na hema la kuazima na sufuria moja.
Tasnifu yake ilirudishwa mara mbili:
mtahini alitaka kujua walitoka wapi
hao waliochonga mabakuli ya mawe juu ya Bonde la Ufa,
maana hakuamini kwamba watu wanaweza tu
kuwa walikuwapo.
Akamjibu kwa kurasa mia nne.
Joho walilompa hatimaye lilimburura kama pazia.

Kila Septemba, kabla ya dakika ya kumi, mkono huinuka:
"Mwalimu, hawa walikuwa kabila gani?"
Hacheki. Hakaripii. Hukitoa kigae kikapita
kiti hadi kiti, kama sahani ya sadaka.
"Kiulizeni."
Feni inalia. Kigae kinazunguka
mikononi mwa kina Wafula, kina Halake, kina Mumbua,
kinarudi mezani na joto lao wote.
Wapo wanaomwona mkwepaji. Mmoja aliandika
kwenye fomu ya tathmini: hajibu maswali.

Mheshimiwa fulani alikuja na magari mawili na bahasha.
Alitaka barua tu, ukurasa mmoja wenye muhuri,
kwamba mifupa ya ng'ombe ya miaka elfu mbili
ni mali ya babu zake, na shamba kadhalika.
Profesa akamvutia kiti, akamwekea fuvu la ndama:
"Muulize alikuwa wa nani. Akisema, naandika."
Mwaka ule ruzuku yetu haikuonekana.
Tukahifadhi vigae kwenye mifuko ya unga;
bado iko rafu ya tisa, na panya wanaijua.

Mara ya mwisho tulichimba papa hapa mjini,
Kileleshwa, msingi wa jengo la ghorofa kumi na nne.
Msimamizi alitupa hadi Jumatatu.
Akashuka shimoni na magoti yake ya bendeji,
mimi juu na mwavuli uliovunjika ubavu.
Jumapili jioni akatoa ukingo wa chungu
wenye safu ya alama za kucha, nyembamba,
zikienda sawa, zikienda sawa, kisha zikipotoka.
Akajaribu kuweka ukucha wake. Haukuingia.
"Mtoto," akasema. "Na hapa mama yake alimwita."
Hilo halimo kwenye ripoti.
Jumatatu saa mbili wakamwaga zege.

Jana walimuaga kwa soda na hotuba
ya mkuu wa kitivo, aliyelikosea jina lake.
Jioni akaja huku chini kurudisha funguo.
Akaiona ile chupa. Akakaa.
Akautandaza mkono mezani, kucha zake
zilizokatika, zenye udongo usiotoka kwa sabuni yoyote,
akanyoosha kidole gumba: "Fanya kazi yako, Kitonyi."

Nikapaka. Tukangoja ikauke, hatukuongea.
14207, nikaandika, pumzi nimeizuia.
Kisha daftari. Mahali kilipopatikana:
ghorofa ya chini, nyuma ya jenereta.
Kina: sijui.
Hali: kimevunjika ukingoni, ila kizima.
Akasoma, akacheka, akasahihisha nukta yangu moja,
akaniuliza kama gari za Rongai bado zapatikana saa hizi.